Doa la Mafuta kwenye Dodoso la Kwanza

Mwanzoni mwa mwaka huu mkuu wa shule ninayofundisha, huku Igoma, Mwanza, alinipangia kuzungumza na kidato cha tatu kuhusu taaluma. Kila mwalimu alipewa kazi moja ya kuieleza. Wa hisabati alipewa uhasibu, wa kemia akapewa ufamasia, na mimi, kwa kuwa cheti changu kina neno bahari, nikapewa mada ya kuwa mtaalamu wa viumbe wa baharini. Ukutani wakabandika karatasi ya manila yenye ngazi ya kuchora: kidato cha nne, kidato cha sita, shahada ya kwanza, shahada ya pili, na juu kabisa pomboo anacheka. Pomboo, Igoma! Niliisoma ngazi ile kwa sauti, nikajibu maswali mawili, nikakaa. Sikuwaambia watoto wa watu kitu chochote cha maana, na aibu ya siku ile ndiyo inayoniandikisha haya.

Ngazi ile naijua. Nimeipanda, nimeteleza nayo, na kama ingekuwa ya mbao ningeshaipasua kuni.

Nilizaliwa Kirumba, hatua chache kutoka soko la Mwaloni. Mama yangu ni Msukuma, kazi yake kununua dagaa wabichi, kuwaanika na kuwauza kwa magunia. Baba alikuwa karani kutoka Kagera, Mhaya aliyeamini kwamba mtu asiye na shahada bado hajamaliza kuzaliwa. Nikiwa kidato cha pili niliona kitabuni picha ya mwanamke mweusi kama mimi, amevaa miwani ya kuzamia, yuko chini ya bahari katikati ya samaki wa rangi rangi. Nikasema huyo ni mimi. Nilipomwambia baba, aliuliza kama hicho kitu kina shahada au kinaishia kwenye cheti. Nikamhakikishia kina shahada, tena mpaka tatu. Akaridhika, akarudi kwenye redio yake.

Hakuna aliyeniuliza kwa nini bahari, wakati ziwa lilikuwa linanukia mpaka chumbani kwetu. Ningeulizwa, ningedanganya. Ukweli ni kwamba ziwa nililiona ni la akina mama wenye mabeseni vichwani, na bahari ni ya wasomi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na tayari nilikuwa na dharau ya profesa.

Shule haikunipunguzia dharau hiyo, iliinenepesha. Kidato cha tano na cha sita nilisoma fizikia, kemia na baiolojia, na samaki tulifundishwa kwa msaada wa chupa moja. Ndani ya chupa alikuwamo papa mdogo, aliyeletwa kutoka pwani zamani hizo, amegeuka rangi ya karatasi kuukuu. Dirisha la maabara lilitazama ziwa lote, na wavuvi tuliwaona wakivuta nyavu, lakini mwalimu alifunga pazia ili tusipoteze umakini, tukachora papa. Sheria ilikuwa samaki achorwe akitazama kushoto. Mimi siku moja nilimchora akitazama kulia, kwa sababu ndivyo chupa ilivyokuwa imekaa, nikakatwa alama. Niliuliza kama samaki akigeuka anaacha kuwa samaki. Nikaambiwa nina kiburi, na hilo ndilo jambo la kweli nililoambiwa mwaka ule.

Chuo nilikwenda pwani. Bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini, nikaonja maji yake kisirisiri kuhakikisha kama kweli yana chumvi. Wenzangu wa huko walidhani mtu wa Mwanza ataogelea kuwashinda wote. Waliponiona nimeng'ang'ania kamba ya boti kama mtoto na kanga ya mamaye, walicheka hadi wakakaa chini. Nani aliwaambia sisi tunaogelea? Kirumba mtoto akirudi nyumbani na nywele mbichi alichapwa, kwa ajili ya kichocho na kwa ajili ya mamba. Kwa miaka mitatu nilikariri majina ya matumbawe kwa Kilatini na nikazama mara moja tu, bila kukusudia.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kufanya utafiti na kuandika ripoti, kisha kuitetea mbele ya jopo la walimu. Msimamizi wangu alikuwa daktari wa falsafa aliyesomea ng'ambo, mtu nadhifu mno, ambaye samaki walimletea vipele. Maisha yake yote aliyatoa kwa kiumbe asichoweza kukigusa mdomoni. Alikuwa na dodoso lililotungwa kwa Kiingereza kuhusu ulaji wa samaki katika kaya za mwambao, na alitaka mtu wa kulipeleka ziwani. Akanichagua mimi kwa sababu nina kwetu kwa kulala. Akaniahidi kwamba nikifanya vizuri ataniandikia barua ya kunipendekeza kwenye shahada ya pili ya viumbe wa baharini, ambako nafasi zilikuwa za kuhesabu na bila barua ya mtu kama yeye hata mlango huoni. Barua ile niliiota. Ile ndiyo iliyokuwa njia yangu ya kufika kwenye miwani ya kuzamia.

Dodoso nililitafsiri mwenyewe, jioni moja, kwa mbwembwe. Penye neno la Kiingereza la samaki niliandika samaki. Sikufikiri hata sekunde moja, na nani angefikiri?

Nikarudi Kirumba likizo ndefu na kitambulisho kikining'inia shingoni. Kaya ya kwanza kuihoji, kwa majaribio, ilikuwa ya kwetu. Nilimkuta mama ndiyo kwanza anaipua, dagaa wa kukaanga na nyanya, ugali wa udaga, ule wa muhogo, pembeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nawa ule."

"Nina kazi kwanza. Nakuhoji."

"Utanihoji huku unakula. Kwani hiyo kalatasi inakula?"

Mama hatamki karatasi, hutamka kalatasi, na mimi msomi nilikuwa nimeanza kuona haya kwa hilo mbele za watu. Nikanawa, nikamega tonge, nikatowea dagaa, nikamsomea swali kwa sauti ya ofisini: katika siku saba zilizopita, kaya yako imekula samaki mara ngapi?

Mama hakulifanyia mzaha swali langu. Alitazama juu, akahesabu kwa vidole, akatafuta na wiki ya nyuma yake. "Samaki? Wiki hii hatujala," akasema. "Mara ya mwisho alipokuja shangazi yako. Tulimpikia sato."

Nikatafuna, nikameza, nikafuta vidole kwenye sketi, nikaandika sifuri. Vidole sikuvifuta vizuri. Pembeni mwa sifuri ile pakabaki doa la mafuta, duara kama shilingi.

Nilizunguka kaya baada ya kaya, Kirumba yote na vijiji vya ufukweni, na kila nilikoingia ilikuwa sifuri, sifuri, moja, sifuri. Mahali pengine mwenye nyumba alisukuma sufuria nyuma ya mlango niliponyanyua kalamu. Nilidhani ni aibu ya umaskini, nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari langu, kwa Kiingereza kizuri.

Msimamizi alikuja Mwanza siku mbili kukagua. Nilimpeleka Kirumba, akaagiza kuku na chipsi huku ameligeuzia mgongo soko lote la samaki. Alipolipekua rundo la madodoso, la kwanza akalishika kwa ncha za vidole.

"Hiki nini?"

"Mafuta, mwalimu. Samahani."

"Mwanasayansi hali akiwa kazini. Hii ni data chafu."

Lakini alipofika katikati ya rundo macho yalimtoka. Watu wanaolala kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na hawali samaki! Alisema hiyo ni habari ya kongamano, kwamba dunia itashangaa. Akaniambia nitafute maelezo, nami nikayatafuta, maana mtafuta hachoki. Niliandika kwamba samaki wote huenda viwandani na kusafirishwa, na kwamba kaya zinajikimu kwa nyama na maharage. Nyama! Kirumba! Nilisahau kwamba nyama kwetu ilikuwa Krismasi na Pasaka, na Pasaka nayo kwa bahati.

Ripoti ikakamilika, ikajalidiwa. Wiki moja kabla ya kurudi chuoni kuitetea, nilikuwa nimekaa uani naipitia. Mama alikuwa anachambua dagaa, anatoa mchanga na vijiti.

"Umeandika nini humo mpaka ikawa nene hivyo?"

"Nimeandika kwamba watu wa huku hamli samaki."

Mikono yake ikasimama. "Nani kasema?"

"Ninyi wenyewe. Na wewe umo."

Nikaingia ndani, nikamletea dodoso lake. Mama anasoma vizuri, ingawa polepole. Alisoma swali, akasoma sifuri yangu, akatikisa kichwa kukubali.

"Hapa umeuliza samaki. Na mimi nikakujibu hatujala. Ni kweli."

"Sasa unabisha nini?"

"Sibishi. Nakuuliza haya mafuta ni ya nini?" Kidole chake kilikuwa juu ya doa.

Nilifungua mdomo nikajibu, "Ni ya dagaa," na sentensi hiyo ndogo ikanishukia kichwani kama gunia.

"Mama, dagaa si samaki?"

Alinitazama kwa huruma, huruma ile ya kumtazama mtu aliyetoka na nguo kaigeuza nje ndani na amefika nayo mjini. "Dagaa ni dagaa," akasema. "Mapanki ni mapanki, kayabo ni kayabo. Samaki ni samaki, sato, sangala. Mgeni akija unampikia samaki. Sasa digrii nzima hamjafika hapo?"

Tulikuwa hatujafika. Na mimi nilikuwa sina hata kisingizio cha ugeni. Mtoto wa Kirumba ndiye niliyekuwa, niliyelia mara zisizo na idadi kwamba nimechoka na dagaa, nataka samaki. Nilijua kwamba mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwandani yakishatolewa minofu, yanakaangwa na kuliwa kila mtaa, sawa na kayabo, sangara aliyekaushwa kwa chumvi, na hakuna anayeviita samaki. Nilijua kwamba sufuria inayosukumwa nyuma ya mlango ina dagaa, kwa sababu mgeni mwenye kitambulisho shingoni haonyeshwi dagaa. Nilijua yote hayo mpaka nilipofundishwa. Nililiuliza ziwa kwa lugha ya kitabu, likanijibu kwa lugha yake, nikaandika sifuri mdomo ukiwa umejaa.

Nilimpigia simu msimamizi. Alinisikiliza hadi mwisho, sikatai, adabu alikuwa nayo.

"Uliuliza samaki, wakajibu samaki," akasema. "Data ni data."

"Lakini mwalimu, wanakula kila siku."

"Hilo unalijua wewe. Dodoso halilijui."

Kisha akashusha sauti, akawa mpole, na upole ule ulinitisha kuliko ukali. Alisema muhtasari wa kongamano ameshautuma na jina langu limo. Barua yangu ameshaiandika, bado kutia sahihi tu. Akaniomba nisome nilichoandika, nijibu nitakachoulizwa, nisijiharibie.

Nitasema bila kuficha kwamba nilikubali. Basi lilipofika Usagara, bado harufu ya ziwa haijaniisha kwenye nguo, nilikuwa nimekwisha kuamua kunyamaza. Nilijipa sababu zote ambazo msomi hujipa. Kwamba ni ripoti ya mwanafunzi, nani ataisoma. Kwamba nikishafika juu nitarekebisha. Mapajani nilikuwa na kopo la dagaa wa kukaanga alilonifungia mama, nikawala njiani mmoja mmoja kama karanga, huku nikikariri sura ya nne inayosema hatuwali.

Jopo lilikuwa la watu watatu, na msimamizi wangu alikaa pembeni, tai imenyooka. Nilieleza vizuri. Nilikuwa na michoro, na samaki wote walitazama kushoto. Kisha mwalimu mmoja, mama mtu mzima, akavua miwani akauliza swali ambalo bibi yeyote angeuliza.

"Binti, hawa watu sasa wanatowea nini?"

Jibu lilikuwa ukurasa wa arobaini na kitu: nyama na maharage. Nililiona kabisa. Nikajaribu kulisema na nikashindwa, kwa sababu jino langu la nyuma lilikuwa bado limeshika kipande cha dagaa wa mama tangu safarini.

"Dagaa," nikasema.

"Dagaa si samaki?"

"Ni samaki, mwalimu. Niliuliza vibaya."

Nikatoa dodoso la kwanza kwenye jalada, nikawaonyesha sifuri, nikawaonyesha na doa. Nilisema sifuri nimeiandika mimi na ni ya uongo, na kwamba kitu cha kweli kwenye ukurasa ule ni mafuta. Mmoja wa wanajopo alicheka, akajifanya amekohoa. Msimamizi wangu alikuwa akitazama karatasi zake, akizipanga upya ingawa zilikuwa zimepangika.

Walinirudisha kuanza upya. Wenzangu walivaa majoho, mimi nikapanda basi kurudi Kirumba. Barua haikutiwa sahihi, na nafasi ile ya shahada ya pili ilikwenda kwa mwingine, ambaye namwombea heri na simpendi. Nililia, tena si kidogo. Watu hupenda kusema ukweli humweka mtu huru. Mimi uliniweka Mwaloni, na jalada kwapani, juani.

Safari hii swali lilikuwa na orodha: dagaa, mapanki, kayabo, furu, sato, sangara. Nilitaja moja moja. Watu walinikumbuka.

"Si wewe uliyekuja mwaka jana kutuuliza samaki?" mama mmoja aliniambia, akicheka waziwazi. "Ungesema dagaa tangu mwanzo, tungekukaribisha ukala. Tulidhani umetumwa kuhesabu matajiri."

Ripoti ya pili ilikuwa nyembamba. Ilisema kwamba watu wa mwambao wa ziwa wanakula dagaa, karibu kila siku, na mapanki wakiyapata. Nilitunukiwa shahada ya sayansi ya viumbe wa maji ya bahari na maziwa kwa kugundua jambo ambalo kila paka wa Kirumba analijua. Kongamano halikuniita. Hata msimamizi hakuisoma, aliisaini tu, kwa kalamu nyekundu.

Mahafali yangu yalipofika, baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, shahada hakuiona. Mama akaita ndugu na majirani. Akanunua sato wakubwa, akawakaanga, akawapanga kwenye sinia, kwa sababu wageni walikuwapo. Kabla watu hawajanawa akaniita mbele ya wote, nimevaa joho na jasho linanitiririka.

Yale madodoso ya mwanzo alikuwa ameyatumia kufungia wateja dagaa, moja baada ya jingine, mwaka mzima. Sikumlaumu, ndiyo kazi pekee ya maana yaliyowahi kuifanya. Lakini mkononi alikuwa na moja aliloliacha, limekunjwa mara nne. Akalikunjua mezani, kando ya sinia la sato. Doa lilikuwa limetanuka mpaka kwenye sifuri.

"Chukua kalamu," akasema. "Sahihisha kalatasi yangu."

Watu wakaanza kucheka, kisa walikuwa wanakijua wote. Mimi nikakata ile sifuri kwa mstari mmoja, nikamwuliza, kwa sauti ile ile ya ofisini, maana niliogopa sauti yangu nyingine ingekatika, "Dagaa mama, mlikula mara ngapi?"

Hakuhesabu kwa vidole safari hii.

"Andika kila siku," akasema. "Tangu nilipokuachisha ziwa la mama mpaka leo hii unavaa hilo gauni. Kila siku."